Najashi, Mfalme Aliyeswaliwa kwa Mbali

Msafiri atokaye mjini Isiolo akielekea Marsabit hupita Ngaremara kabla hajafika Archer's Post. Akiwa na haraka hataona mengi: maduka ya kando ya barabara, shule, makanisa, migunga, mbuzi na vumbi. Wengi wa wakazi wake ni Waturkana, na wengi wa Waturkana hao ni Wakristo. Majirani zao wa huku na huku ni Waborana na Wasomali, ambao ni Waislamu, pamoja na Wasamburu na Wameru. Barabara ipitayo hapo haiishii Marsabit. Huenda hadi Moyale, mwendo wa kama kilomita 500 kutoka Isiolo, ikavuka mpaka na kuingia Ethiopia. Ninamwomba msomaji aikumbuke barabara hiyo, kwa maana tutairejea.

Katika misikiti ya Isiolo, kama ilivyo katika misikiti mingi ya nchi hii, si jambo geni siku ya Ijumaa kumsikia imamu akiwaombea watu walio vitani. Vita vya Sudan vilipozuka Aprili 2023, na vile vya Gaza Oktoba ya mwaka uo huo, dua hizo ziliongezeka. Mikono huinuliwa, watu huitikia amina, kisha kila mtu hushika njia yake. Wanafunzi, ambao huuliza maswali tuliyokwisha kuacha kuyauliza sisi watu wazima, hutaka kujua mambo mawili. Je, dua ya mtu aliye Ngaremara yamfaa nini mama aliye El Fasher au Gaza? Na je, Mwislamu amwombee nani: ndugu yake wa dini peke yake, au yeyote ateswaye na vita? Walimu aghalabu hujibu kwa aya na hadithi, na ni haki yao. Mimi nitajaribu kujibu kwa maisha ya mtu mmoja ambaye kila mtoto wa madrasa analijua jina lake, lakini ambaye ni wachache tunaomjua zaidi ya jina.

Kwa mujibu wa vitabu vya Kiislamu, aliitwa As-hama bin Abjar. Najashi halikuwa jina lake bali cheo. Ndivyo Waarabu walivyolitamka neno la Kihabeshi lenye maana ya mfalme, kama walivyomwita kila mtawala wa Rumi Kaisari na kila mtawala wa Uajemi Kisra. Alitawala Aksum, dola iliyokuwa katika kaskazini ya Ethiopia na Eritrea za leo, na ambayo wafalme wake walikuwa Wakristo tangu siku za Ezana katika karne ya 4. Anayetaka kuyajua maisha yake kwa ukamilifu atahangaika. Mengi tunayoyajua yametufikia kupitia kwa Ibn Is-haq, mwandishi wa karne ya 8, ambaye kitabu chake kilihaririwa baadaye na Ibn Hisham. Baadhi ya wanahistoria humhusisha na mfalme Armah, ambaye sarafu zake zimepatikana, wengine wanasita. Ninayoyasimulia hapa basi ni kama yalivyohifadhiwa na watu waliokaa kwake wakiwa wageni, na hasa mwanamke mmoja, Umm Salama, ambaye baadaye alikuja kuwa mke wa Mtume Muhammad (S.A.W.).

Habari za utoto wake zilipokewa kutoka kwa Bi Aisha. Baba yake alikuwa mfalme, naye alikuwa mwanawe wa pekee. Ami yake alikuwa na wana 12. Wakuu wa nchi wakapiga hesabu zao, wakaona kwamba mfalme mwenye mtoto mmoja ni hatari kwa dola, ilhali mwenye wana 12 hataiacha nchi bila mrithi. Wakamwua baba, wakamtawaza ami. Kijana akalelewa nyumbani kwa ami huyo huyo, akakua na akili na busara hata mfalme akawa hafanyi jambo bila yeye. Wale waliokuwa wamemwua baba yake wakaingiwa na hofu kwamba siku moja atashika madaraka na kuwalipizia kisasi. Wakamtaka mfalme amwue. Mfalme alikataa kumwua mtoto baada ya kuuawa baba, lakini alikubali atolewe nchini. Wakampeleka sokoni, wakamwuza kwa mfanyabiashara mmoja kwa dirhamu 600, akatiwa chomboni na kuondoka.

Jioni ya siku iyo hiyo mawingu ya mvua yalitanda. Mfalme akatoka nje kuipokea mvua, radi ikampiga akafa. Wakuu wakawakimbilia wale wana 12 waliowategemea, wakakuta hamna hata mmoja mwenye kufaa. Nchi ikaanza kuyumba. Ndipo wakatambua kwamba mfalme wao ndiye yule waliyemwuza asubuhi. Wakamfuata mfanyabiashara, wakamnyang'anya kijana, wakamvika taji. Kumbe mfanyabiashara hakuwa mtu wa kunyamaza. Alikuja akadai fedha zake, na aliponyimwa alikwenda moja kwa moja mbele ya mfalme mpya akamshitakia, mnunuzi mbele ya bidhaa yake. Mfalme akatoa hukumu kwamba ama mtu huyo arudishiwe fedha zake, ama apewe mtumwa wake amshike mkono aende naye. Wakuu walilipa. Hiyo ndiyo hukumu yake ya kwanza inayosimuliwa.

Nimekawia katika kisa hiki kwa sababu masomo mengi hukiruka na kuanzia pale Waislamu walipowasili. Asiyekijua atadhani kwamba mfalme aliwapokea wakimbizi kwa upole wa tabia tu. Lakini mtu huyu alikuwa amekwisha kuwa mkimbizi bila kupenda, tena mtumwa, na alijua kwa dirhamu ngapi binadamu anaweza kutolewa na watu wake mwenyewe.

Wageni walifika katika mwaka wa 5 wa utume, yaani kama mwaka wa 615. Makka haikuwa katika vita vya panga wakati huo, lakini kwa wanyonge walioslimu mateso yalikuwa vita tosha: walipigwa, walinyimwa maji, walilazwa juani. Mtume aliwaelekeza Uhabeshi, kwa mfalme ambaye kwake hakuna anayedhulumiwa. Kundi la kwanza lilikuwa dogo, wanaume wasiozidi 12 na wanawake wanne au watano, miongoni mwao Uthman bin Affan na mkewe Ruqayya, binti ya Mtume. Waliondoka kwa siri hadi pwani ya Shu'ayba, wakapata vyombo viwili vya wafanyabiashara, wakavuka kwa nauli ya nusu dinari. Kundi la pili lilikuwa kubwa zaidi, wanaume wapatao 80 na wanawake wapatao 18, likiwa na msemaji wake Ja'far bin Abi Talib.

Yafaa tukumbuke jambo moja hapa. Nchi waliyoikimbilia si nchi iliyokuwa na sifa njema mjini Makka. Ilikuwa miaka 45 tu, au karibu na hapo, tangu Abraha, jemadari wa Kihabeshi aliyetawala Yemen, alipokuja na tembo kuivunja Al-Kaaba. Wazee walioliona jeshi hilo walikuwa bado hai. Kumpeleka binti yako katika nchi ya watu waliokuja kuubomoa mji wako ni jambo linalotaka kuwajua watu mmoja mmoja, si kuwahukumu kwa kabila lao.

Makureshi hawakuridhika kuwaona wakimbizi wamestarehe. Waliwatuma watu wawili, Amr bin Al-As na Abdullah bin Abi Rabi'a, na ngozi nzuri za Makka ambazo Wahabeshi walizipenda. Wajumbe hawa walikuwa mafundi wa kazi yao. Kwanza walimpa kila askofu zawadi yake, wakamwomba aunge mkono ombi lao, tena mfalme awakabidhi watu hao bila kuwasikiliza. Kuna jambo ambalo vitabu hulipita haraka: miongoni mwa waliokuwa wakitakiwa kurudishwa walikuwamo ndugu za wajumbe hao, Hisham bin Al-As na Ayyash bin Abi Rabi'a. Kila mmoja alikuwa amesafiri kuvuka bahari ili amrudishe nduguye katika mateso. Vita ndivyo vilivyo, hupitia ndani ya nyumba.

Maaskofu walisema kama walivyozungumza na wajumbe. Mfalme alikasirika, akakataa kumtoa mtu aliyeichagua nchi yake badala ya nyingine kabla ya kumwita na kumwuliza. Wakaitwa. Ja'far akaeleza jinsi walivyokuwa watu wa ujahili, wakila mizoga, mwenye nguvu akimmeza mnyonge, hadi alipokuja Mtume wa kuwaamrisha ukweli, amana, kuunga udugu na kuwatendea mema majirani. Mfalme akaomba asomewe kitu katika alichokuja nacho Mtume huyo. Ja'far akasoma mwanzo wa sura ya Maryam. Mfalme akalia hadi ndevu zikalowa, na maaskofu wakalia hadi vitabu vilivyokuwa mbele yao vikalowa. Aliwaambia wajumbe kwamba hatawatoa kamwe.

Amr hakukata tamaa. Kesho yake alirudi na silaha kali zaidi: akamweleza mfalme kwamba watu hawa wanamsema Isa mwana wa Maryamu kwa namna ya kutisha. Umm Salama anasimulia kwamba usiku huo hawakupata kuwa na hofu kama ile. Walishauriana, wakakata shauri kusema kile wanachokiamini, liwalo na liwe. Ja'far alipoulizwa alijibu kwamba Isa ni mja wa Mungu, mtume wake, roho itokayo kwake na neno lake alilomtia Maryamu bikira. Mfalme aliokota kijiti chini, akasema kwamba Isa hazidi hayo kwa urefu wa kijiti hicho. Maaskofu wakakoroma kwa hasira. Mfalme hakuwajali. Aliamuru zawadi zote zirudishwe, akaeleza sababu kwamba Mungu hakumtoza rushwa siku alipomrudishia ufalme wake, basi naye hatachukua rushwa kwa jambo hilo. Hapo ndipo zile dirhamu 600 za sokoni zinapoonekana tena.

Sasa nafika mahali ambapo, kwa maoni yangu, ndipo penye jibu la wanafunzi wetu. Haukupita muda, akatokea mtu wa kumpinga mfalme na kudai ufalme. Vita vikaja. Umm Salama anasema kwamba hawakupata huzuni kubwa kuliko ile, kwa kuogopa kwamba akishinda mwingine hataijua haki yao kama alivyoijua Najashi. Mfalme alitoka kwenda kupambana na adui yake, na majeshi mawili yakakutana ng'ambo ya mto, ambao wasimulizi wanauita Nili. Wakimbizi walibaki upande huu. Hawakuwa na jeshi, hawakuwa na mali, na nchi haikuwa yao. Walikuwa na dua. Wakamwomba Mwenyezi Mungu ampe Najashi ushindi juu ya adui yake na amwimarishe katika nchi yake.

Msomaji atazame vema ni nani aliyekuwa akiombewa. Mbele ya macho ya kila mtu, aliyekwenda vitani siku hiyo alikuwa mfalme wa Kikristo, akiongoza jeshi la Kikristo dhidi ya Wakristo wenzake. Waislamu wa kwanza kabisa kupigiwa mfano wa dua ya vitani nje ya nchi yao walimwombea jirani asiyekuwa wa dini yao. Sababu ya dua hiyo ilikuwa haki na usalama waliouona kwa macho yao. Atakayesema kwamba mfalme alikwisha kuslimu kwa siri ana hoja, na nitaigusa. Lakini wale waliokuwa wakiomba ukingoni mwa mto hawakuweka sharti hilo.

Na hawakukomea kwenye dua. Waliulizana nani atakwenda kuyatazama mapigano awaletee habari. Akajitolea Zubayr bin Al-Awwam, aliyekuwa mdogo wao kwa umri. Wakampulizia kiriba cha ngozi, akakifunga kifuani, akaogelea hadi ng'ambo, akaenda hadi uwanjani. Wenziwe wakaendelea kuomba. Hatimaye wakamwona anakuja mbio, anapunga nguo yake, akiwapa bishara kwamba Najashi ameshinda. Umm Salama anasema hakumbuki kama walipata kufurahi namna ile tena. Mimi hukipenda kile kiriba. Wengi wetu huomba bila kumtuma mtu akajue hali ilivyo. Tunawaombea watu wa Sudan wakati wengi wetu hatuwezi kutaja miji mitatu ya Sudan, wala kusema nani anampiga nani na kwa nini.

Kuna masimulizi mengine ya uasi dhidi yake, yanayoeleza kwamba watu wake walimgeuka kwa sababu ya yale aliyoyasema juu ya Isa. Kabla hajatoka kuwakabili, alituma habari kwa Ja'far na wenziwe kwamba amewaandalia vyombo: wapande wakae tayari, akishindwa watweke waende wanakotaka, akishinda wabaki. Kisha akatoka, akazungumza na waasi, wakatulia bila damu kumwagika. Mtawala ambaye kiti chake kinatikisika, na bado anakumbuka kuwatengea wageni njia ya kuokoka kabla ya kujitengenezea yake, ni nadra kupatikana katika karne yoyote.

Wakimbizi hao walikaa Uhabeshi miaka mingi, wengine kama 13. Walizaa huko, Abdullah bin Ja'far na nduguze walizaliwa katika ardhi ya Afrika. Walizikana huko. Baadhi yao walirejea Makka mapema na wakaangukia mikononi mwa watesaji. Huyo Ayyash niliyemtaja na mwenziwe Salama bin Hisham, ambao wote wawili walikuwa wamefika Uhabeshi, walikuja kuzuiliwa Makka, na Mtume akiwa Madina aliwataja kwa majina katika kunuti ya swala yake, akimwomba Mungu awaokoe wao na wanyonge wengine wa Waislamu. Hiyo ndiyo asili mojawapo ya ile dua ambayo maimamu wetu huisoma wakati wa misiba. Dua hiyo ilikuwa na majina ya watu ndani yake.

Mnamo mwaka wa 7 wa Hijra, Mtume alimtuma Amr bin Umayya Ad-Damri kwa Najashi. Kulikuwa na jambo la mjane mmoja, Umm Habiba, binti ya Abu Sufyan, aliyekuwa amefiwa ugenini baada ya mumewe kuacha Uislamu. Baba yake alikuwa kiongozi wa maadui mjini Makka. Hakuwa na pa kurudi. Mtume alimposa kwa mbali, na mfalme akasimamia ndoa hiyo, akatoa mahari ya dinari 400 kutoka kwa mali yake mwenyewe. Aliyempelekea Umm Habiba habari alikuwa mjakazi wa mfalme. Bibi harusi, kwa furaha, alimvulia bangili zake za fedha. Baadaye mjakazi alizirudisha, kwani mfalme alimkataza kuchukua chochote kwa mgeni. Kisha akawatayarishia waliobaki vyombo viwili, wakasafiri na Ja'far hadi Arabuni, wakamkuta Mtume huko Khaybar mwaka 628.

Najashi alikufa katika mwaka wa 9 wa Hijra, karibu na mwaka 630. Hapana simu wala telegramu siku hizo. Lakini hadithi sahihi zinasimulia kwamba Mtume aliwatangazia watu wa Madina kifo hicho siku ile ile kilipotokea. Akatoka nao hadi uwanja wa kuswalia, akawapanga safu, akamswalia kwa takbira nne. Jabir bin Abdillah alikumbuka hata safu aliyosimama, ya pili au ya tatu. Hapakuwa na jeneza mbele yao. Baina yao na maiti palikuwa na jangwa na bahari. Wafasiri wanasimulia kwamba wanafiki walinung'unika, iweje aswaliwe mtu wa Uhabeshi ambaye hawajapata kumwona, na kwamba ndiyo sababu ya kuteremka aya iliyo karibu na mwisho wa sura ya Al Imran, inayowasifu baadhi ya watu wa Kitabu.

Waislamu huichukua swala hiyo kuwa ushahidi kwamba aliaga dunia akiwa Mwislamu. Wakristo wengi wa Ethiopia hawalikubali hilo, nao wana historia yao. Sioni haja ya kuamua ugomvi huo katika ukurasa wa gazeti. Wanazuoni wenyewe wamehitilafiana hata juu ya swala yenyewe. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yafuatwayo zaidi pwani na kaskazini mwa Kenya, aliiona kuwa halali kwa kila maiti aliye mbali. Hanafi na Maliki waliiona kuwa ni ya Mtume peke yake. Wengine walishika njia ya kati, wakasema huswaliwa yule ambaye hakupata wa kumswalia kule alikofia. Katika vita vya zama hizi, ambapo watu huzikwa na vifusi kabla ya kuzikwa na jamaa zao, rai hiyo ya kati ina uzito ambao huenda waliotangulia hawakuutarajia.

Nimesema tutairejea barabara. Ukiifuata kutoka Ngaremara hadi Moyale, ukaendelea hadi Addis Ababa, kisha kaskazini hadi Mekelle katika Tigray, utafika karibu na mji wa Wukro penye kijiji kiitwacho Negash. Hapo pana msikiti na kaburi ambalo Waislamu wa Ethiopia wanaamini kuwa ndilo la Najashi, na makaburi mengine wanayoyanasibisha na masahaba 15. Novemba 2020 vita vilizuka Tigray, na mwishoni mwa mwezi huo msikiti huo ulipigwa kwa makombora na kuporwa. Mnara na kuba viliharibika, na kaburi halikusalimika. Kanisa lililo karibu nalo liliharibika. Vita hivyo havikukoma hadi mkataba uliotiwa saini Pretoria tarehe 2 Novemba 2022, baada ya watu wengi mno kufa kwa risasi na kwa njaa, Wakristo na Waislamu. Nilihudhuria swala nyingi za Ijumaa katika miaka hiyo miwili. Sikumbuki kuisikia Tigray ikitajwa kwa jina. Dua zetu ziliruka juu yake zikaenda mbali zaidi. Huenda tulidhani kwamba kwa kuwa waliokuwa wakipigana wengi wao ni Wakristo, jambo hilo halikutuhusu. Kama ndivyo, basi tulikuwa na elimu ndogo kuliko ya wale watu mia moja wa ukingoni mwa mto.

Tena kuna walio karibu zaidi ya Tigray. Kwa miaka mingi vijana wa Ethiopia wanaosafiri kwa siri kuelekea Nairobi na kusini mwa Afrika wamekuwa wakikamatwa katika barabara hii hii, wakafikishwa mahakamani kwa kuwa nchini bila kibali. Sheria ni sheria, wala simlaumu polisi anayeitekeleza. Ila Najashi alikuwa mwenye sheria, na kabla ya kumrudisha mtu alimwuliza kwanza alichokikimbia.

Na kuna sisi wenyewe. Waborana na Wasomali wa Isiolo wana wazee wanaokumbuka vita vya miaka ya 1963 hadi 1967, mifugo ilivyoangamia, watu walivyokusanywa katika kambi za Garba Tulla na Merti, na wengine walivyokimbilia Somalia. Waturkana wa Ngaremara wanakumbuka mapigano ya 2011 na 2012, nyumba zilipochomwa na familia zikalala nje. Jamaa zao wa kaskazini magharibi ndio wenyeji wa kambi ya Kakuma, ambayo imewapokea wakimbizi tangu 1992. Hakuna jamii hapa isiyojua kukimbia, na hakuna isiyojua kupokea. Lakini dua ya amani inayoombwa msikitini Isiolo, na sala ya amani inayosaliwa kanisani Ngaremara, mara nyingi kila moja huwa na orodha yake ya wanaostahili.

Kwa walimu nina pendekezo dogo. Katika shule zetu, kipindi cha dini kinapofika, darasa hugawanyika: hawa huenda kwenye somo la Kikristo, hawa la Kiislamu. Kisa cha Najashi kingeweza kusomeshwa siku moja bila ya kugawanyika huko, kwa kuwa mfalme, maaskofu na mtawa Maryamu ni wa hawa, na Ja'far na Umm Salama ni wa hawa. Mwalimu wa jiografia angewaonyesha Aksum na Shu'ayba, na bahari iliyo kati. Mwalimu wa historia angewaeleza Ezana na Abraha. Kisha wanafunzi waichore barabara, kuanzia lango la shule yao wenyewe hadi Negash, na waandike kila mji inaopitia. Halihitaji fedha za ziada. Ramani moja ya ukutani yatosha, na kama shule haina, ubao na chaki.